Kitanda cha Dirishani

Nilipokuwa nasomea shahada ya pili ya uuguzi, nilipelekwa mazoezini Embu. Msimamizi wangu, muuguzi aliyekaribia kustaafu, alitaka kila jibu la mgonjwa liandikwe. Asubuhi moja nilikuwa napima ufahamu wa shosho mmoja, bibi kizee kutoka Kiritiri, aliyelazwa kitanda cha dirishani. Siku aliijua, hospitali aliijua.

"Na wewe unaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamtajia jina langu, nililorithi kwa nyanya yangu, kama desturi yetu ilivyo. Akajisogeza ukutani, akapigapiga godoro.

"Kumbe umerudi. Lala basi, kitanda ni chako."

Upuuzi! Nikaandika: amechanganyikiwa.

Msimamizi akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu.

"Nyanya yako alifia kitandani hapo. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Andika upya."