Stata ya Pikipiki ya Taata

Juzi, hapa Rwamishenye, nilimwona fundi akifunga stata na betri mpya kwenye pikipiki kuukuu, nikakumbuka kwetu Nshamba.

Pikipiki ya baba, iliyonuka petroli na magunia ya kahawa, ilikuwa haiwaki mpaka niisukume mteremkoni huku nikipiga kelele. Nilidhani inaamshwa na sauti yangu. Alasiri moja aliirudisha kutoka Bukoba ikiwa na injini mpya na stata. Akabonyeza kitufe tu, ikanguruma. Nikaangua kilio.

“Taata, sasa mimi utaniitia nini?”

Aliizima kwa ufunguo, akabonyeza tena. Kimya.

“Ee, imegoma! Haya binti yangu, iamshe.”

Nilisukuma nikipiga kelele hadi waliokuwa migombani wakacheka. Ikawaka.

Siku hizi najua kwamba ufunguo aliugeuza kimyakimya, tulipofika katikati ya mteremko.