Walimwambia mama ang'ate asiachie, wakamsahau (Same, enzi za mgao)

Wakuu, salamu kwenu. Hapa siongezi chumvi, na hasira bado ninazo.

Miaka ya ruksa, mwanzoni mwa tisini, mashamba ya mkonge yanafungwa, mama alikuwa anasokota kamba za katani nyumbani Same na kuuza gulioni. Ncha moja anaibana kwa meno, mikono inasokota. Wasokotaji wa kwetu wote walifanya hivyo. Mwishowe taya likaanza kumuuma.

Wakaja madaktari wa research na mashine ya ultrasound. Wanataka kuona misuli ya taya inavyokuwa mtu aking'ata kwa nguvu. Wakaahidi atakayepimwa atatibiwa.

Mama akavaa kitenge cha kanisani, tukaenda zahanati walikokuwa wanapimia.

Unapakwa gel shavuni, unang'ata kipande cha mpira, daktari anaangalia kwenye screen. Nilimsikia nikiwa mlangoni: "Ng'ata kwa nguvu mama, usiachie mpaka nikwambie."

Umeme ukakatika. (Mgao ule mnaukumbuka?)

Daktari na wenzake wakatoka kuhangaika na jenereta. Likagoma. Wakaishia kupiga stori kibarazani, soda mkononi. Mimi niko kwenye benchi nawaangalia, najua mama kapumzika.

Nikaingia kumuuliza kama tuondoke.

Wakuu, mama kakaa vilevile! Jasho na machozi vinamtoka, mpira uko menoni. Nikamwambia achia. Akanionyesha kiganja: subiri. Daktari hajasema.

Mashine imezima, screen nyeusi, na yeye bado anang'ata!

Wazee wetu wa Upareni walikuwa hivyo. Daktari akisema, amesema.

Nilimwita yule daktari kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu mzima. Akaja. "Achia basi mama." Taya likagoma. Nesi akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka likalegea.

Unajua daktari alisema nini? "Mama una misuli imara sana. Umeme ukirudi tutarudia."

Hata pole hakutoa. Na mama, kwa shida, akamjibu: "Asante daktari." Hiyo asante ndiyo inayoniuma zaidi.

Matibabu hatukuyaona, eti kipimo hakikukamilika. Mama hakubana tena kamba kwa meno. Makande, chakula cha kwetu, alipondewa kama mtoto mpaka tunamzika.

Nilichojifunza: mzazi akiitwa kupimwa, ingia naye ndani, na uliza maswali ambayo yeye anaona haya kuuliza.

Wa Same, Bendera, Kifaru, kama hao watu walifika kwenu, semeni. Na wewe daktari, kama umo humu, jitokeze. Mama hayupo, lakini pole yake nitaipokea mimi.