Mashine iliyonishika mkono

Leo mashine imeniliza mbele ya watu.

Tangu kiharusi kilegeze mkono wangu wa kuume, nauvalisha soksi ya kubana. Watu wakiiona wanadhani nina kidonda. Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, wananipungia tu. Wa kushoto siwezi kuwapa, wataona dharau.

Leo kwa kine, yule wa mazoezi ya viungo, nikavalishwa mfuko wa mashine unaojaa hewa. Ukaubana mkono polepole, ukaachia, ukabana tena.

Machozi yakanitoka.

Kine akakimbilia kuzima. “Mama, inauma?”

“Apana. Iache kwanza.”

Ningemwambia nini? Kwamba tangu niugue hakuna mtu aliyenishika hivyo?

Jamani, mkinikuta mtaani Asiatique, msinipungie. Nipeni mkono. Huu wangu hauna nguvu, lakini unasikia.