Fainali ya Tano ya Watani

Ukimwona Devotha akishuka ngazi pale mjini Iringa ameshika ukuta, usithubutu kumpa pole. Atakukata jicho. Goti lile limezunguka viwanja vya tenisi miaka kumi na minne, tena mechi za wawili wawili, yeye na Regina.

Devotha ni Mhehe wa Mlandege. Regina ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Basi ni watani, na watani hawaoneani haya. Mmoja akikosa mpira, mwenzake anamporomoshea maneno mpaka waamuzi wa nje wanadhani wanagombana. Kumbe ndivyo walivyotiana moto. Kombe tu ndilo lililowapiga chenga: fainali nne, na mara zote nne walirudi mikono mitupu.

Ya tano, Nairobi, ilikuwa ya mwisho. Daktari alishasema goti halivuki mwaka. Seti ya kwanza wakachapwa sita kwa moja, na Devotha alijua kosa liko wapi. Regina alikuwa ameingiwa na adabu! Pole dada, samahani dada, pumzika nitakimbia mimi. Na kweli akawa anakimbilia hata mipira ya mwenzake, huku nyuma uwanja uko wazi. Devotha aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Walipokaa kupumzika akamgeukia.

"Regina, nimekufa?"

"Hapana, dada. Nakuonea huruma tu."

"Huruma kawape ndama wenu. Mimi mtani wako, na nataka kombe."

Regina alimtazama, machozi yakimlengalenga, akajifuta na taulo. "Haya, Mhehe wewe. Nilisikia kwenu mna hasira, kumbe mna magoti tu. Kasimame kwenye neti. Mpira ukikupita, nakuacha huku huku Kenya."

Weee! Haukupita mpira. Seti ya pili sita kwa nne. Ya tatu Regina anaanzisha, Devotha anamalizia, mpaka ule wa mwisho alioupachika konani, wapinzani wakabaki wanautazama. Kombe likawa lao.

Alipopewa kipaza sauti amshukuru mwenzake, Devotha alisema hana la kumshukuru mchunga ng'ombe asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Uwanja mzima ukapigwa na butwaa. Regina alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti mbele ya watu wote. Devotha akaweka kombe pembeni, akainama, akamfunga kamba za viatu.