Madoa ya Rangi ya Chai

"Kama mimi sina, na mama yake hana, mtoto ametoa wapi?"

Baba Stacy aliniuliza hivyo katika chumba chao cha kupanga pale mtaa wa Lindi, Kibera. Sikujua jibu. Ubaya ni kwamba nilijibu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na shahada ya biolojia na sifa ya kubishana na wahadhiri. Mratibu wa mradi alinipa rula ya plastiki, tochi na karatasi za rufaa. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba tukieleza neurofibromatosis, ugonjwa wa kijeni unaootesha uvimbe kwenye neva, zile nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Kwa mtoto, mara nyingi huanza na madoa bapa ya rangi ya chai ya maziwa.

"Doa likizidi nusu sentimita, lihesabu," Mratibu alisema. "Yakifika sita, andika rufaa. Mengine waachie kliniki."

"Na wakiniuliza?"

"Watakuuliza. Wewe si daktari."

Niliona huo ni woga wa ofisini. Kwa nini mzazi anyimwe maelezo ya mwili wa mwanawe?

Stacy alikuwa na miaka sita na madoa tisa, na uvimbe laini karibu na kiwiko. Kliniki ilithibitisha ugonjwa. Ndugu za baba yake wakaitisha kikao, shangazi akasafiri kutoka Busia, nami nikaitwa kueleza. Nilifurahi kuitwa. Nikasema si uchawi, hauambukizi, mtoto huurithi kwa mzazi.

"Mzazi gani?" shangazi akauliza.

"Yeyote kati ya wawili."

Akachukua rula yangu. Baba Stacy akavua shati mbele ya kaka zake, akageuzwageuzwa kama nguo ya mtumba. Mama Stacy akapelekwa nyuma ya pazia na tochi. Shangazi alipotoka alisema, "Huyu ni safi kama sahani."

Hapo ndipo Baba Stacy aliponiuliza lile swali.

"Vitabu vinasema hurithiwa," nikajibu.

"Basi kuna mzazi hayuko hapa," kaka yake mmoja akasema, na mtu akacheka.

"Madam, sema kitu!" Mama Stacy alinishika mkono. "Sijawahi toka nje ya ndoa. Waambie!"

Mimi niliyekuwa nahoji kila kitu sikuhoji sentensi yangu moja. Nilichukua rula na tochi yangu, nikaaga. Wiki hiyo hiyo Mama Stacy aliondoka na mtoto.

Nilihamishiwa mtaa wa Laini Saba, kisha mtaa wa Kongo, Kawangware. Huko nikamkuta anafulia watu nguo. Stacy ndiye aliyeniona kwanza. "Mama, ni yule wa rula!"

"Bado unapima watu?" mama yake akauliza bila kuacha kufua.

"Bado."

"Umepata jibu?"

"Sijapata."

"Basi niondokee, nina nguo za kuanika."

Nilimpelekea Msimamizi wangu wa Kawangware swali la Baba Stacy. Akaguna. "Labda huyo mama anaficha kitu." Nakiri nami nilianza kufikiri hivyo. Siku moja nilimwamini, siku iliyofuata nikamshuku, na katikati niliendelea kupima watoto wa wengine.

Niliacha kazi nikiwa na miaka ishirini na minane, kwa hiyo mniite mstaafu mkitaka. Vijana mnaoingia kazi hii huniuliza nini cha kusoma. Sijui niwaambie nini. Mratibu alikuwa sahihi, lakini hata yeye hakunieleza kwa nini. Na kama ningenyamaza kikaoni, je, shangazi hangeleta jibu lake mwenyewe?

Miaka ilipita kabla sijakutana na daktari wa jenetiki na kumsimulia kisa kile. Hakuhitaji hata kufikiri. Siku hiyo hiyo nilikwenda Kongo. Chumba cha Mama Stacy kilikuwa na wapangaji wengine. Nikavuka hadi Lindi. Baba Stacy alikuwa akichomelea dirisha. Akavua miwani ya kazi.

"Wewe tena? Unataka kunipima?"

"Nimekuletea jibu," nikasema, na nikamwambia alichoniambia daktari: kwa karibu nusu ya wenye ugonjwa huu, hakuna mzazi aliyewapa. Badiliko la jeni huanza kwao wenyewe.