Ukuta wa Mama Kaari

Watu wa mtaa wa Dallas, hapo Embu, wanamjua Thuranira kwa friji. Friji yako ikianza kukoroma kama mzee aliyeshiba, unamwita yeye. Lakini Julai ile friji za watu zilimngoja, kwa sababu chini ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na mama mkwe anayekohoa.

Mama Kaari alikuwa ametoka kwao Kianjai, kwenye jua, kuja kliniki ya kifua. Nimonia ilikuwa imeshamwangusha, na daktari alimwambia binti yake Gatwiri bila kuzunguka: ikimrudia, hatainuka. Mpeni mahali pakavu penye joto. Joto lilikuwa juu, kwenye vyumba vya familia. Mama Kaari akakataa katakata.

"Nipitie mlango mmoja na mkwe, nimpate na vesti? Gatwiri, ulilelewa na nani?"

Kwa Wameru wa rika lake, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Tangu harusi, Mama Kaari hakuwahi kumwita Thuranira kwa jina wala kumwambia neno moja kwa moja. Yote yalipitia kwa Gatwiri, hata wakiwa wamesimama uani wote watatu. "Mwambie huyo bwanako geti lake linapiga kelele." Na Thuranira yuko hapo, anasikia kabisa! Heshima si utumwa, lakini hii nayo ilikuwa kazi.

Basi akapewa chumba cha chini, chenye mlango wake wa nje, kilichochimbwa ndani ya mteremko hadi ukuta wa nyuma ukaegemea udongo. Baridi ya humo, jamani! Ukianika soksi, inalowa zaidi.

Thuranira akawaza kifundi. Friji huzuia joto lisiingie kwa sababu kuta zake zimejazwa povu. Je, povu hilo likizuia baridi? Akanunua bodi za povu gumu, nyeupe, kama zile zinazoikinga televisheni mpya ndani ya katoni. Mama Kaari akitoka kwenda kuota jua kwa jirani yao Wanjira, yeye anaingia. Akimsikia anarudi, anatoka mbio, anazunguka kona ya nyumba wasikutane. Akabandika kuta tatu. Ule wa nyuma akauacha uchi.

"Huo uko na udongo," alimweleza mkewe. "Udongo ni joto. Cucu, nyanya yangu, alikuwa anaivisha ndizi kwa shimo, si unajua?"

Kosa la mtu aliyelelewa kwa ndizi za shimoni! Ndizi hupashana joto zenyewe, zikiwa zimefunikwa majani. Ukuta mtupu wa saruji haujampasha mtu. Unyevu wote wa chumba ukakimbilia pale, ukuta ukatiririka jasho, blanketi la mama likalowa upande mmoja. Kila alfajiri kikohozi kilipanda mpaka sakafu ya juu, na Thuranira akilala macho, akiogopa kwamba anamuua mama wa watu kwa ujuaji wake.

Wanjira akamchukua mgonjwa kwake kwa muda. Thuranira akakausha ule ukuta, akaziba nyufa, akabandika bodi zikagusana na saruji bila nafasi, akafunga maungio kwa tepu. Kisha akafunika kuta zote kwa bodi za jipsamu, zisizoshika moto haraka, maana povu likishika moto halina mzaha. Alipomaliza akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma.

Pakavu! Nyuma ya kiganja kile kulikuwa na mteremko mzima uliolowa mvua, mawe yaliyokuwa baridi tangu Mungu ayaweke hapo, na kilichoyazuia ni kitu unachobeba kwa vidole viwili, kitu kinachopeperushwa na upepo. Thuranira alikuwa amefungua friji nusu ya maisha yake na hakuwahi kulistaajabia povu. Sasa alivua kofia kama yuko kanisani. "Ngai," akamnong'oneza Mungu wake.

Mama Kaari akarudi. Kikohozi kikaanza kupungua. Ndipo asubuhi moja, Gatwiri akiwa sokoni, Thuranira akatega sikio sakafuni: kimya. Hakuna kikohozi, hakuna redio ya maombi. Jua likapanda. Akashuka, akabisha. "Mama?" Kimya. Gatwiri hashiki simu. Kwa Wanjira hakuna mtu.

Kuingia anapolala mama mkwe! Watu wazima wametozwa mbuzi kwa aibu ndogo kuliko hiyo. Lakini lisilo budi hutendwa. Akasukuma mlango.

Mama Kaari amelala chali, kitambaa kimemtoka kichwani, mvi zote nje. Yeye aliyekuwa akilala na sweta mbili alikuwa amelipiga teke blanketi likaanguka chini. Kifua kilipanda na kushuka bila mlio wowote. Alikuwa usingizini tu, usingizi mnono wa mtu aliyepata joto. Machozi yalimtoka Thuranira. Akarudi kinyumenyume, akagonga ndoo.

Macho ya mama yakafunguka. Wakatazamana. Thuranira akatamani shimo la ndizi ajifukie humo.

Mama Kaari akajifunga kitambaa taratibu. Akaangaza huku na huku akimtafuta Gatwiri wa kupitishia neno. Hayupo. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye ule ukuta wa nyuma, akakiacha hapo kitambo.

"Mbuzi utatoa," akasema. "Lakini kwanza, Thuranira, mwanangu, niletee uji."