Halwa Isiyo na Samli

Mwaka jana nilikuwa Hispania na mume wangu, na kila duka la vitu vitamu niliingia na maswali yale yale: kuna maziwa? Kuna mayai? Kuna siagi? Maana siku hizi sili chochote cha mnyama. Muuzaji mmoja akanipa kipande cha lozi zilizosagwa na sukari tupu. Nilipokitia mdomoni, ndugu yangu, machozi yakanitoka. Nilimkumbuka bibi.

Bibi tangu udogoni hakuweza kula nyama wala maziwa. Hata harufu ya samli ilimchafua roho. Unguja walishamzoea. Tulipohamia Maskati, Omani, mimi bado mtoto, hakuna aliyemjua isipokuwa jirani yetu, mke wa mpika halwa, aliyemfungulia mlango siku ya kwanza. Unazijua adabu za kule: mgeni huwekewa kahawa na halwa, na kuikataa halwa ni kumkataa mwenye nyumba. Nayo ilikuwa inang'aa kwa samli, hiliki na zaafarani zikinukia hadi uchochoroni.

Basi bibi akajifanya anakula. Kila tonge aliliteremsha taratibu kwenye pindo la kanga yake. Masikini, alidhani haonekani! Samli ikapenya, doa likaenea mapajani, na jirani akaliona. Alikusanya vikombe kabla kahawa haijaisha. Tangu siku ile hakutukaribisha tena, na bibi akawa anashinda dirishani, hana wa kukaa naye. Nilimwonea huruma sana.

Mwishowe alivaa buibui lake, akamchukua mama amfasirie Kiarabu, nami nikafuata nyuma.

"Mwambie sikumdharau," alisema. "Samli hainipandi, basi. Nnaogopa kumkosa kwa ajili ya tumbo langu."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Ungesema, mama, ningekupikia yako!"

Idi ile mumewe alitenga sufuria ndogo, akaipika halwa kwa mafuta ya ufuta. Bibi alikula mpaka akalamba vidole. Ikawa hivyo kila Idi.

Alipofariki, Idi iliyofuata sahani ililetwa vilevile. Mama akauliza ataila nani.

"Mume wangu alishaipika ndipo akakumbuka kuwa hayupo tena," jirani alijibu. "Tukakaa jikoni tukalia."

Wote wameshatangulia. Halwa bado ipo; kule Qurum, mtaa wa Maskati, inauzwa kwenye masanduku ya kupendeza, na ukiomba isiyo na samli utapewa. Ninachokikosa ni mtu wa kunipikia kabla sijaomba.